Ukoo au Shehena: Mjadala wa Kimbiji

Hoja ni hii. Kati ya gemu za kompyuta zinazorudisha dunia ya miaka mia sita au elfu iliyopita, ipi inamkaribia zaidi mtu aliyeishi pwani hii zama hizo? Ile inayokukabidhi ukoo wenye utawala, au ile inayokupa chombo na shehena? Upande wa ukoo umesimama na Crusader Kings III, kazi ya Paradox ya Stockholm iliyotoka Septemba 2020. Upande wa shehena umesimama na Patrician III ya mwaka 2003, kazi ya Ascaron ya Ujerumani. Ascaron ilifilisika 2009, lakini gemu yake ingali na wapenzi hadi leo.

Sauti nne zifuatazo nimezitunga ili hoja zipate wasemaji. Mambo ya historia na ya gemu wanayoyataja si ya kutunga. Nimezikalisha barazani Kimbiji, kusini mwa Kigamboni, kwa sababu ras ya hapa inatazama njia ya vyombo vilivyokwenda na kurudi kati ya Kilwa na Unguja. Kijana ni fundi wa kompyuta. Dada ni wakala wa fedha za simu. Mwalimu anafundisha historia sekondari. Nahodha amestaafu jahazi, gemu hajawahi kuzicheza, ila amewaona wajukuu wakizicheza.

KIJANA: Babu, mwalimu, shikamooni. Dada, habari za kazi. Mimi nasema ukoo. Kwenye gemu nyingi za zamani wewe ni nchi. Nchi haizeeki, haigombani na ndugu zake, haifi. Kwenye Crusader Kings wewe ni mtu. Unachagua mwaka, kama 867 au 1066, unachagua bwana mmoja, na umri unaanza kukwenda. Ukifa, unaendelea ukiwa mtoto wako, na uadui alioufanya baba unaurithi pamoja na ngome zake. Ukifa bila mrithi wa ukoo wako, gemu imekwisha hata kama hazina imejaa.

DADA: Na hao hao watoto si ndio wanaokumaliza?

KIJANA: Ndiyo maana naipenda. Mwanzoni sheria ya mirathi inagawa ardhi kwa watoto wote wa kiume. Umehangaika miaka thelathini kukusanya majimbo manne, unafumba macho, na siku hiyo hiyo kila kijana ana kipande chake na askari wake. Mkubwa anataka vyote. Kwa hiyo baba angali hai unaanza kupanga: huyu nimsukume akawe mtawa, yule nimwoze mbali, binti nimpe jirani mwenye jeshi. Tena kila mtu ana tabia yake. Mkarimu akilazimika kunyang'anya fedha za watu anapata msongo, na msongo ukizidi unamuua. Hakuna gemu nyingine iliyonifanya nimwonee huruma mfalme.

DADA: Sawa, mdogo wangu. Huyo mfalme wako anakula nini?

KIJANA: Anakula kodi.

DADA: Inatoka wapi?

KIJANA: Kwenye majimbo yake. Inaingia kila mwezi.

DADA: Inaingia tu. Hakuna aliyelima, hakuna aliyesafirisha, hakuna aliyepata hasara njiani. Ndiyo shida yangu na gemu yako. Patrician inakuanzisha Lübeck, mji wa umoja wa wafanyabiashara wa Hansa, ukiwa na chombo kidogo na fedha za kubanabana. Ukitaka dhahabu uihangaikie. Unanunua nafaka iliko tele, unaipeleka ilikoadimika. Pipa la kwanza unauza kwa bei nzuri, la ishirini bei imeshuka, la hamsini unauza kwa hasara kwa sababu mji umeshiba. Kwa hiyo unajifunza kutokumwaga mzigo wote sokoni kwa pupa.

Mimi hilo nalijua kwa mwili. Asubuhi nikigawa floti vibaya, laini moja imejaa na nyingine imekauka, wavuvi wanarudi, wachuuzi wanataka kutoa fedha wanunue samaki, na mimi sina cha kuwapa. Mtu anadhani sina mtaji. Mtaji ninao, ila uko mahali usipohitajika kwa saa hiyo. Patrician nzima ni hiyo: kitu sahihi kiwe mahali sahihi kabla mwenzio hajafika. Na cheo kinafuata. Mji una maskini, wenye nafasi na matajiri. Ukiwaletea chakula wakati wa dhiki wanakukumbuka, na mwisho wanakuchagua meya. Utawala unakuja kwa kulisha watu.

Hapo niliamini Dada ameshinda mapema. Mwalimu hakuliruhusu.

MWALIMU: Ngojeni kwanza. Mnabishana juu ya wafalme wa Ulaya na Lübeck, na hapa tulipo je? Ramani ya Crusader Kings III inashuka hadi Pembe ya Afrika halafu inakatika. Kilwa haimo. Mwaka 1066 kuna mabwana wadogo wa visima vya jangwani unaoweza kuwacheza, lakini mfalme wa pwani yetu huwezi. Na hadithi ya kuanza kwa Kilwa ingewafaa wote wawili. Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, inasema Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Hakukiteka, alilipa. Sasa kijana, huo ni mwanzo wa nasaba au ni biashara?

KIJANA: Mwalimu, ni nasaba. Nguo ni mbinu tu.

DADA: Ni biashara. Nasaba imekuja kwenye stakabadhi.

MWALIMU: Tarikh hiyo hiyo inasema walikuja kwa merikebu saba, baba na wanawe sita, na kila mmoja akashuka mahali pake. Wanahistoria hawaichukui hivyo neno kwa neno. Miji ya pwani ilikua kutoka vijiji vya wenyeji wenyewe. Watu wa pwani hii walikuwa wakifua chuma na kufinyanga vyungu karne nyingi kabla ya Ali huyo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba maeneo ya namna hiyo kutoka pwani ya bara hadi Mafia. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa kwenye miji ya kale ya Waswahili, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Ulionyesha mchanganyiko ulioanza kwenye mwaka 1000 hivi: upande wa Uajemi umetoka zaidi kwa wanaume, na upande wa Afrika umetoka zaidi kwa wanawake.

KIJANA: Basi mwalimu umenisaidia. Ndoa! Crusader Kings ni gemu ya ndoa.

MWALIMU: Ni gemu ya ndoa, ila kwa kawaida za namna moja. Bibi harusi anahamia ngomeni kwa mume, analeta undugu wa kijeshi, anazaa mrithi wa jina la baba. Pwani mambo yalikwenda kinyume mara nyingi. Mume ndiye aliyehamia, na nyumba ilikuwa ya upande wa mke. Mgeni kutoka ng'ambo alipata mlango wa kuingilia mjini kupitia kwa mwanamke na ndugu zake. Gemu yako kwa kawaida inamfuata baba na kumwacha nje mtu aliyemfungulia mlango.

Hoja hiyo ina uzito kuliko ilivyosikika barazani. Tulipokuwa shuleni wengi wetu tulikaririshwa majina ya masultani, na tukadhani mji ni mlolongo wa wanaume. Gemu ya nasaba inarudia kosa hilo kwa picha nzuri zaidi.

NAHODHA: Nami niseme kidogo. Wajukuu zangu, nimewasikiliza. Meli kwenye hiyo gemu ya dada inaondoka lini?

DADA: Nikiiamuru tu, babu. Siku chache iko bandari ya pili.

NAHODHA: Basi hiyo si bahari yetu. Huku unayeondoka si wewe, ni upepo. Kaskazi ikishika Desemba, vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vinateremka. Vinauza, vinanunua. Kusi ikianza baada ya masika, vinarudi. Ukichelewa ukapitwa na kaskazi, umekwama, unasubiri mwaka. Mzee yeyote aliyeendesha jahazi la tanga hapa Kimbiji au Kisiju alipanga maisha kwa pepo hizo.

MWALIMU: Na ndiyo siri ya Kilwa kuwa Kilwa. Mtu wa Khambhat, kule Gujarati, anaweza kufika Kilwa na kurudi ndani ya msimu. Kusini zaidi, hadi Sofala kwenye dhahabu iliyotoka bara la Zimbabwe, msimu mmoja haumtoshi. Kwa hiyo dhahabu ilipandishwa hadi Kilwa na watu wa huku, na mgeni akaikuta hapo. Mfalme wa Kilwa alikaa pale upepo unapoishia akatoza ushuru. Sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa hadi Great Zimbabwe.

DADA: Mnaona? Ushuru. Biashara imeshinda.

NAHODHA: Hujanisikia bado, mwanangu. Nimesema mgeni anasubiri upepo. Miezi miwili, mitatu. Analala wapi? Mzigo wake anauweka kwa nani? Akiumwa nani anampikia uji? Na akidhulumiwa anamshitakia nani, naye lugha hajui? Kuna mtu katikati ya mfalme wenu na tajiri wenu, na hamjamtaja.

MWALIMU: Mwenyeji.

NAHODHA: Mwenyeji.

MWALIMU: Msafiri Ibn Battuta amelieleza hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona chombo kikitia nanga tu, vijana wa mji wanakikimbilia kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana anampa mfanyabiashara mmoja sahani na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo tajiri huyo hashukii pengine ila kwa mwenyeji wake; ndiye anayemuuzia bidhaa na kumnunulia. Ukimpunja tajiri huyo bei au ukimuuzia kitu bila mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo haihesabiki. Ni mgeni wa siku nyingi tu, anayewajua watu wa mji, aliyeweza kushukia atakako.

KIJANA: Sahani ya chakula ndiyo mkataba!

MWALIMU: Sahani ndiyo mkataba. Sasa linganisha na Hansa ya dada. Kule Bergen, Norwei, Wajerumani wa Hansa walikuwa na mtaa wao wa bandarini, na wafanyabiashara waliokaa humo walikatazwa kuoa. Walikaa kando, na nguvu yao ilikuwa huko kukaa kando. Huku kwetu mgeni alivutwa ndani hadi akawa mkwe. Patrician imetengenezwa na watu wa nchi ya Lübeck, imeigiza yao, na haina kosa. Kosa ni letu tukidhani biashara zote za dunia zilikuwa za ghala na kufuli.

DADA: Mwalimu, Patrician III ina ndoa pia. Unaoa, mahari inaingia.

MWALIMU: Unaoa mtu wa daraja lako ili upande cheo. Shehena haipiti kwa shemeji.

Dada alikaa kimya kidogo, na mimi nawaomba wasomaji nao wakae hapo. Crusader Kings inajua undugu, haijui mzigo. Patrician inajua mzigo, na undugu ni pambo. Pwani yetu ilijengwa palipo na vyote viwili: imani kati ya mgeni na nyumba iliyompokea, ikaja kuwa undugu, undugu ukabeba mzigo wa msimu uliofuata. Nimetafuta gemu yenye kitu cha namna hiyo sijaipata. Europa 1400: The Guild, ya 2002, imejaribu kuunganisha karakana na kizazi, unakuwa fundi au mwenye kilabu, na watoto wako wanaendeleza. Lakini ni miji ya Ulaya, na mgeni ndani yake ni mshindani tu.

KIJANA: Ila mwalimu, usiseme Kilwa haipo popote. Kwenye Europa Universalis IV ipo, unaicheza kuanzia Novemba 1444. Hata Civilization VI imeiweka Kilwa Kisiwani kati ya maajabu ya kujenga.

MWALIMU: Naijua hiyo Europa. Biashara yake inapita kwa vituo, na Zanzibar ni kimojawapo. Kila kituo kinasukuma mali kwenda mbele, na mwelekeo hauwezi kuugeuza. Vituo vya mwisho ni vitatu: Venice, Genoa na mlango wa bahari wa Uingereza. Hata ukiwa sultani hodari wa Kilwa, ukateka pwani yote, mali ya dunia haiwezi kuja kuishia kwako. Mwaka 1444! Vasco da Gama hajazaliwa, na mkondo umeshachorwa kwenda Ulaya.

KIJANA: Ni kweli. Nilijaribu, haigeuki.

NAHODHA: Na upepo wa kaskazi unaleta mali huku kila mwaka. Aliyechora hakukaa pwani.

MWALIMU: Tusiipambe Kilwa nayo, babu. Al-Hasan bin Sulaiman, aliyemkaribisha Ibn Battuta, ndiye aliyejenga Husuni Kubwa yenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane juu ya jabali la bahari. Alisifiwa kwa ukarimu. Kuna kisa cha fukara wa Kiyemeni aliyemwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mrithi wake akazigomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyoshukuru, akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Tunasoma kisa hiki tukasifu ukarimu, na tunapita juu ya watu ishirini. Sultani huyo alikuwa akiivamia bara, na sehemu ya tano ya ngawira akiitenga kwa dini na masharifu. Gemu ya Kilwa itakayoficha hilo itakuwa ya uongo kuliko hizo zinazotuacha nje ya ramani.

KIJANA: Na baada yake?

MWALIMU: Baada yake alitawala ndugu yake, Dawud, mkono wa birika. Mwombaji akija alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutoa.

KIJANA: Crusader Kings hiyo hiyo! Mkarimu amemaliza hazina, mrithi analipa. Dada, ukoo haukuonyeshi hapo?

DADA: Unaonyesha hesabu ambayo haikufungwa.

Mwisho wa Kilwa nao walibishania, kila mmoja akiuvutia kwake. Kijana alisema mji ulikufa kwa ugomvi wa ndani: Wareno walipodai kodi 1502, aliyekuwa kitini, Emir Ibrahim, hakuwa wa nasaba halali, na mawaziri na maamiri walikuwa wameshazoea kuweka na kuondoa masultani. Dada alisema mji ulikufa kwa sababu mwaka 1505 Francisco de Almeida aliteka Kilwa, na mwaka huo huo Wareno wakajenga ngome Sofala, kwenye mlango wa dhahabu. Waliiacha ngome ya Kilwa 1512. Dhahabu haikurudi kama zamani. Nilimpenda Mwalimu hapo kwa kumleta Muhammad Ankoni, tajiri ambaye Wareno walimvisha taji baada ya Ibrahim kukimbia. Kwa masimulizi ya Wareno wenyewe, mtu huyo aliomba mrithi wake asiwe mtoto wake, awe mtoto wa al-Fudail, sultani wa mwisho wa nasaba. Mfanyabiashara aliyepewa ufalme bure aliona kwamba si wake. Muda mfupi baadaye aliuawa. Hakuna kitufe cha uamuzi huo kwenye gemu yoyote kati ya hizi mbili: Crusader Kings ingemhesabu kuwa ameuteketeza ukoo wake, na Patrician isingeelewa kwa nini amekataa faida.

NAHODHA: Huyo alikuwa mwenyeji. Alijua nyumba ni ya nani.

Mimi uamuzi wangu ni huu. Kati ya gemu hizi mbili, Patrician iko karibu zaidi na pwani yetu, kwa sababu mfalme wa Kilwa aliishi kwa ushuru, na ushuru uliishi kwa shehena. Hilo Dada amelishinda wazi. Kijana ana haki pale anaposema kwamba mji hauwezi kueleweka bila chuki na mapenzi ya watu wa nyumba moja, na kwamba gemu yake ndiyo inayoyaonyesha. Lakini aliyesema jambo lenye uzito zaidi barazani ni mzee ambaye hajawahi kushika kompyuta.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa vijana wanaosoma programu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DIT na kwingineko, na kwa wale waliojifunza wenyewe vyumbani kwa bando la usiku. Msiwangoje Stockholm watuongezee ramani. Nendeni Kilwa Masoko, vukeni kwa mashua hadi kisiwani, mpande hadi Husuni Kubwa mkalione birika. Magofu yale na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Waulizeni wazee wa jahazi, wangali hai, namna upepo unavyopangwa. Tengenezeni gemu ndogo ya kuchezwa kwenye simu, maana huko ndiko vijana wetu wengi waliko. Iwe na kaskazi na kusi. Watumwa wahesabiwe kuwa watu, wenye majina. Anzeni mwaka 1331, chombo kikitia nanga, na mtu wa kwanza mchezaji amchukue awe yule kijana wa mashua mwenye sahani ya chakula.